Nilifuta programu ya kisima, rekodi ikabeba jina la mwalimu wangu

Leo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Ni miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke Mwingi. Admin, nifichie jina tafadhali, maana huku Faza sisi watu wa bara tunajulikana mmoja mmoja.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto wawili. Shule niliachia kidato cha pili. Nilikuja kisiwa hiki cha Pate kuchimba mitaro ya mabomba, na mpaka leo nashika sululu kutwa. Mgongo umezeeka kuliko mimi. Lakini kuna kazi nyingine niliyofundishwa na mzee mmoja wa hapa, nitamwita Bwana Shee, na hiyo ndiyo iliyonitia kwenye aibu ninayowaandikia.

Bwana Shee alikuwa fundi redio. Msikiti ulipopata pampu ya sola kwa kisima chake, yeye ndiye aliyetengeneza kisanduku cha kuiendesha. Ndani mna kompyuta ndogo kama kiberiti, na mfumo endeshi wa bure, ule ambao watu wa dunia nzima wanauandika pamoja na yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha. Siku moja nikichimba pale nilimuuliza maswali mpaka akacheka. "Ewe Mkamba, sululu yakungoja. Haya, ndoo, keti." Kwao "ndoo" ni njoo. Kuanzia hapo kila Jumapili nikitoka kanisani nilikwenda kwake. Alinifundisha kusoma mistari ya ule mfumo kwa kidole, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Shida yetu ilikuwa moja. Mfumo ulikuwa mzito kwa kompyuta ile. Wingu likipita, umeme wa sola ukishuka, kisanduku kilizimika na kuchukua karibu dakika mbili kuamka. Kwa hiyo tulikuwa tukiupunguza, tunaondoa programu ambazo kisima hakizihitaji, moja baada ya nyingine.

Januari mzee alikwenda Lamu kutibiwa macho, wiki sita. Aliniachia laptopu yake niendelee. Nikaona programu moja ndogo inakula nafasi bila kazi. Niliitazama siku tisa, imelala tu. Nikaifuta. Kisanduku kikaanza kuamka kwa sekunde ishirini. Nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu.

Mimi ni mtu wa nchi kavu. Sikujua kwamba mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hujaa kupita kawaida. Wanaita bamvu. Siku hizo wenyeji hawavuti sana kisima kilicho karibu na pwani, wanakipumzisha, la sivyo maji ya chumvi yanapanda kutoka chini. Programu ile, aliyoitia mzee mwenyewe, iliamka siku za bamvu tu, kuizuia pampu. Mimi niliihukumu siku ambazo haikuwa na zamu.

Mambo yalianza kwa mzaha. Akina mama wakinipita wakasema, "Mkamba, kisanduku chenu chapika mchuzi? Mai ya kisima yamekolea munyu!" Tukacheka. Baada ya mwezi hakuna aliyecheka tena. Chai haikunyweka.

Mzee aliporudi akakagua, kisha akaniita barazani pa msikiti, wazee sita wameketi. "Kuna programu imefutwa. Ni wewe?"

Niliwatazama wale wazee. Mimi mgeni, Mkristo, nimeharibu kisima cha msikiti. Nikasema, "La, Bwana. Sikuigusa."

Akafungua laptopu. Katika kazi hii kila badiliko huandikwa pamoja na jina la aliyelifanya. Nilikuwa nimetumia laptopu yake, kwa hiyo jina lilikuwa lake. Tarehe haikusaidia, maana saa ya laptopu ile ilikufa zamani. Akalisoma mara mbili. "Basi ni mimi," akawaambia wenzake. "Nisameheni. Nimefuta, na sikumbuki."

Jamani, heri angenishuku. Hakunishuku hata kidogo.

Programu nimeirudisha kwa siri. Chumvi haikutoka, na akina mama wanateka maji mwisho mwingine wa mji. Lakini kinachonimaliza ni yule mzee. Hagusi tena kazi. Anamuuliza binti yake, Bi Mwanaesha, kama yeye mwenyewe ameshaswali alasiri. Anaandika kwenye karatasi mahali alipoweka funguo. Wiki iliyopita alinipa ile laptopu, akagusa kichwa chake. "Twaa, mwanangu. Kitwa changu kimekwisha. Chako kizima."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Bi Mwanaesha akanifuata mlangoni. "Tangu kisima kiharibike baba hajiamini. Jumatano nampeleka Mombasa kwa daktari wa kitwa. Weye wakaa naye sana, wamuonaje?"

Nikamjibu, "Amechoka tu, Bi."

Mke wangu kwa simu anasema ninyamaze, nirudi nyumbani. Mwenzangu wa mitaro ananiambia, "Mzee keshasamehewa, wewe wataka kufukua nini?" Ni kweli amesamehewa, lakini kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikisema, nitamrudishia akili yake na wakati huohuo nitamnyang'anya mtu anayemwita mwanangu. Nikinyamaza, atakwenda kutafutiwa ugonjwa ambao hana, na naogopa ataupata kwa kuuamini.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Nimwambie yeye kwanza, au binti yake, au wazee wote pale barazani niliposemea uongo? Msinitukane sana, nimeshajitukana. Naomba majibu kabla ya Jumatano. Kazi ya mitaro inaisha wiki hii. Nitapanda boti gatini Mtangawanda Alhamisi asubuhi, na mke wangu nimemwambia anitarajie Mwingi Ijumaa jioni.