Mshindi Asiyebeba Kitu

Miaka ya tisini, nilipokuwa nabeba watu kwa baiskeli pale Kehancha, mwenye ukumbi wa video alituita sisi watu wa boda boda tukaone filamu. Alisema ni ya mashindano ya baiskeli ya enzi za mababu wa wazungu, na kwamba tutacheka hadi mbavu zituume.

Wanaume wenyewe walikuwa na masharubu ya kusokotwa na baiskeli zisizo na keria. Yaani mtu mzima anakanyaga tangu asubuhi, jasho linamtiririka, na nyuma hana abiria wala mzigo wa tumbaku. Mmoja akatumbukia mtaroni, muziki ukapigwa ili tucheke. Sisi tukaguna kwa pamoja: ringi imepinda. Yule mtu mwenyewe hakuna aliyemjali.

Tulicheka baadaye, pale filamu ilipotaka tulie. Mshindi alifika akibubujikwa na machozi, wakamvisha shada la maua shingoni. Kwetu shada huwekwa juu ya jeneza.

"Kumbe amekufa," jirani yangu akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwenye video alikasirika, akatuita washamba tusiojua mchezo wa baiskeli. Kisha akafunga mlango, akakalia keria yangu huku amepakata televisheni yake, asije akaibiwa, nami nikampandisha mlima hadi kwake. Tulipofika juu, alishuka akilalamika kwamba nakwenda polepole.