Kiraka cha Tatu

Miaka ile duka la kwanza la intaneti lilipofunguliwa Lushoto mjini, nilikuwa karani katika ofisi ya mbegu, na umeme ulipokatika tulipoteza kila tulichokuwa tunaandika. Programu yetu ya kuandikia ilikuwa ya bure, kazi ya watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na yeyote aliruhusiwa kuirekebisha. Nikajifunza, kwa ubishi tu, mpaka nikaifanya ijihifadhie kazi yenyewe.

Marekebisho yale hayatumwi kama gunia moja. Unayagawa viraka vidogo, kila kimoja na barua pepe yake na maelezo yake, kwa mpangilio. Vyangu vilikuwa vitano. Nilishuka navyo kutoka Magamba, ilikokuwa ofisi yetu, hadi duka la intaneti, vikiwa kwenye disketi niliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua.

Msimamizi wa programu alikuwa mzee wa Ulaya aliyesoma kila mstari. Nilimwanzia na shikamoo, nikamweleza maana yake na namna mkubwa anavyoitikia. Hakuligusia hilo. Alijibu tu kwamba kiraka cha tatu hakina kazi.

Kilikuwa na kazi. Bila hicho, cha nne kinafuta barua unayoandika badala ya kuihifadhi. Lakini mimi nimelelewa milimani. Mkubwa akisema, unaitikia, na barua pepe zile zilisomwa na kundi zima la wanaojitolea. Nikakitoa, nikatuma vinne, nikajiona mwenye adabu.

Baada ya wiki aliandika kwamba amevijaribu na barua zake zimefutika. Nisipoeleza, anaikataa kazi yote. Miezi saba yangu. Nilimsimulia mama, naye anafunga kabichi za kupeleka sokoni.

"Ulijua itaharibika?"

"Nilijua, mama."

"Basi hiyo siyo heshima. Umemwona mzee wa watu anaelekea shimoni, ukanyamaza."

Niliona aibu kweli. Nikarudi mjini, nikaandika mbele ya wote: mzee, kwa heshima, kiraka cha tatu ulikikataa kimakosa, na mimi nimekosa zaidi kwa kunyamaza. Nilikaa muda mrefu kabla ya kuthubutu kuituma barua hiyo, pamoja na viraka vyote vitano.

Jibu lilikuja siku ya nne, nalo mbele ya kundi lote. Nimekutana na wakubwa wengi tangu hapo, wenye vyeo na wenye mvi, sijaona wa pili wake. Vyote vitano vimepokelewa, aliandika. Akaongeza: kosa lilikuwa langu, sikusoma vizuri. Na juu kabisa, kabla ya hayo yote, alikuwa ameandika: Marahaba.