Shingo ya Mke wa Fundi Cherehani

Zamani mtu akiamka shingo imekaza alitafutiwa mwenye mikono. Siku hizi hutafutiwa kwanza kanuni inasemaje.

Mikono ya Mzee Nyoosha ilijulikana mtaa mzima. Migongo iliyoshikana, mabega yaliyoteguka, viuno vya wapagazi, vyote vilipita kwake. Lakini sifa yake hasa ilikuwa shingo. Alikuwa na namna yake, aliyoirithi kwa mjomba wake: hakuizungusha shingo ya mtu mpaka mtu huyo acheke. Shingo yenye hofu ni mlango uliokomewa kwa ndani, alisema. Ukiusukuma utavunja bawaba. Mwache mwenyewe akufungulie. Basi angeshika kidevu na kisogo, aanze kisa, na kicheko kikitoka tu, kah! Shingo imerudi mahali pake, na mgonjwa hajui alie au aendelee kucheka.

Halafu serikali ikaleta kanuni. Watu wa tiba ya viungo wasajiliwe. Wakande, wanyooshe migongo na miguu, lakini shingo wasiizungushe kabisa. Ilisemekana kwamba katika mji mwingine mtu alizungushwa shingo akapooza. Mzee Nyoosha hakulibishia hilo. Aliyeijua shingo kama yeye alijua pia inavyoweza kuua. Lililomuuma ni kwamba mpishi mmoja ameunguza chungu, na majiko yote yamezimwa.

Leseni ilikuwa ya mwanawe, aliyesomea kazi hiyo chuoni. Chumba kilikuwa cha mwanawe, kitanda cheusi cha kulazia wagonjwa cha mwanawe, hata koti jeupe alilovaa mzee lilikuwa la mwanawe, limempwaya mabegani.

"Baba, kanda utakavyo," mwana alimwambia. "Ila ukizungusha shingo na wakaguzi wakajua, watafunga mlango huu, na mimi sitaifanya tena kazi hii. Wajukuu zako watakula nini?"

"Nimesikia," mzee akajibu. Na tangu hapo akawa kama jogoo aliyefungwa mguu: punje anaiona, kamba haifiki.

Asubuhi moja akaja fundi cherehani, rafiki yake tangu ujana, amemshika mkewe kiwiko. Kichwa cha mama wa watu kilikuwa kimelalia bega la kushoto, uso umesawijika kwa maumivu.

"Hospitali wamempa vidonge," fundi alisema. "Yeye vimemlaza, shingo iko macho."

"Shemeji," mama alisema, "nimekuja unizungushe kama ule mwaka wa mimba ya kwanza."

Mzee aliutazama mlango wa chumba cha ndani. Huko mwanawe alikuwa na mgonjwa mwingine. Kikohozi cha mwanawe kilisikika.

"Keti, shemeji. Nitakukanda mabega."

"Mabega hayana kesi. Mwenye kesi ni shingo."

Akaketi hata hivyo. Mzee akajipaka mafuta viganjani, akakanda taratibu, na bega lilipoanza kulainika mikono ikapanda yenyewe, mmoja kisogoni, mmoja kidevuni. Na mdomo, uliozoea kuifuata mikono miaka yote, ukafunguka: "Kuna bwana mmoja alikwenda kuposa, shingo imemkaza kama yako..."

"Weee!" mama akadakia. "Anatazama upande mmoja tu!"

"Baba wa msichana akamuuliza, unamtaka yupi?"

"Na upande huo kakaa bibi kizee!"

"Basi, wakamwozesha huyo huyo."

Mama akacheka. Alicheka kwa kujiachia, macho kayafumba, shingo imelegea kama kitambaa kibichi, kichwa kizima amekikabidhi kwenye viganja vya mzee. Akangoja. Fundi naye alikuwa amesogea, tayari kupiga makofi.

Kikohozi kikasikika tena.

Mzee Nyoosha akaiondoa mikono, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayetua yai.

"Bado?" mama aliuliza, macho angali kayafumba.

"Imekatazwa, shemeji. Leseni ni ya mtoto."

Shingo ikakaza upya, vibaya kuliko mwanzo.  Fundi akasema kwa sauti ya chini, "Sasa kisa ulikisimulia cha nini? Ungetuambia mlangoni tungekuelewa. Wewe umemchekesha mwenzangu, akakuamini, kumbe bure."

Mzee akajifuta mafuta viganjani. Mdomo ulikuwa umejisahau.

Mwanawe akachungulia. "Kuna tatizo, baba?"

"Hakuna. Wanaondoka."

Akawasindikiza hadi kizingitini, na hapo ndipo alipowaona mara ya mwisho, wamesimama ukingoni mwa barabara. Mama, asiyeweza kutazama huku na huku, aligeuza mwili mzima kama kabati linalohamishwa, mumewe akimwambia lini avuke. Wakavuka. Mzee akainua mkono kuwapungia. Fundi hakugeuka. Mkewe, hata kama angetaka, asingeweza.