Uso wa Mgombea kwenye Sketi za Soko la Tshopo

Kitenge kipya kina harufu yake: wanga, rangi, na kitu kama mafuta ya taa ambacho hukaa puani mpaka nguo ifuliwe mara ya tatu. Harufu hiyo ikinipata, hata ofisini, narudi kuwa na miaka kumi, nimechuchumaa chini ya meza ya cherehani ya mama yangu katika soko dogo la Tshopo, chaki mkononi, na kwa mbali maji ya bwawa la umeme yananguruma. Mwaka ule marobota ya vitenge yalifika kwetu kwa wingi ambao hatukuwahi kuuona. Vilikuwa vya manjano, vyenye maua ya bluu, na kila baada ya shibiri mbili palikuwa na uso wa bwana mmoja aliyetaka kuwa meya wa Kisangani. Alikuwa anacheka meno yote nje.

Bwana huyo tulimwogopa. Alikuwa amesema redioni, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba akipata umeya soko letu litahamishiwa Simi-Simi, mbali pembezoni mwa mji, na pale kando ya mto patajengwa hoteli. Mama alikuwa mjane, wateja wake wote walikuwa wanawake wa soko lile, na cherehani yake ya kukanyaga ilihitaji wanaume wawili kuinyanyua. Tungeanza upya Simi-Simi na nani? Meya wetu hachaguliwi na watu wote, huchaguliwa na washauri wa mji, yaani madiwani, kwa hiyo mgombea alitaka washauri waone kwamba mitaa inampenda. Ndiyo maana aligawa vitenge bure, na kila mama wa soko akaandikwa jina na kuambiwa avae siku ya mkutano. Kukataa hakukuwa jambo jepesi.

Sasa, kushona kitenge chenye uso wa mtu kuna adabu zake. Uso huwekwa kifuani au katikati ya mgongo. Mshono haupiti machoni, mkasi haugusi shavu. Kazi yangu ilikuwa kuzungushia chaki nyuso zitakazoonekana, kabla mama hajakata, na nilijivuna nayo kupita kiasi. Basi siku moja, nikitafuna karanga huku masikio yangu yako kwenye umbea wa meza ya jirani, niliweka alama vibaya kwenye kitambaa cha Mama Kahambu. Huyu alikuwa muuza maharage kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na rafiki mkubwa wa mama yangu Mwislamu. Alipovaa sketi yake, mgombea alikuwa amekaa sawasawa kwenye makalio, anacheka.

“Zaina! Uso umeweka wapi?” mama alifoka, na mimi nikaanza kulia hata kabla ya kofi. Akachukua wembe afumue. Mama Kahambu akamshika mkono, akajipinda kujitazama, kisha akajiketisha taratibu juu ya gunia lake la maharage, akajisogezasogeza mpaka akatulia.

“Mama Zaina, acha ivi ivi,” alisema. “Hii njo fasi yake, pahali pa kukaliwa. Bon, na ya bengine bote ushone ivi.”

“Batajua ni mimi. Cherehani iko moja tu hapa!”

“Batajua nini? Amesema tuvae liputa yake. Tutavaa!”

Mama aliuweka wembe mezani. Kisha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha mgombea, akanirudishia chaki. Wiki ile kwangu ilikuwa kama sikukuu. Nilichora duara baada ya duara, mahali palepale pabaya, na safari hii kwa amri ya mama.

Siku ya mkutano washauri waliketi kwenye viti vya plastiki uwanjani, mgombea katikati yao. Wanawake wakaingia wakiimba jina lake, na mbele kote kulikuwa na maua matupu. Nilimwona akinyoosha shingo kujitafuta. Halafu Mama Kahambu akapiga kelele moja, na wote wakageuka. Nyuso zile zikaanza kucheza, juu, chini, kushoto, kulia. Mshauri mmoja mzee aliziba mdomo kwa kofia yake, mabega yakimtetemeka. Mgombea aliposimama kuhutubia, wanawake waliketi chini wote kwa pamoja, kwa heshima. Angelalamika nini? Walivaa zawadi yake. Sisemi sketi pekee ndizo zilizomwangusha, lakini washauri walimchagua mwingine, na soko liko palepale hadi leo.

Mwaka huu uso ulio kwenye kitenge ni wangu. Nagombea kiti cha mshauri wa mji, nimeahidi soko lile paa jipya na mfereji, na nilimpelekea mama marobota kwa mikono yangu mwenyewe. Macho yake yamechoka, lakini alishona blauzi zote, uso wangu kifuani, bila kugusa shavu. Kipande kimoja alikiweka kando.

“Na hii, mama?”

“Hii sishone sasa,” alisema. “Umalize kwanza kazi. Kisha njo ntajua fasi ya kukuweka.”

Nilicheka naye, nikampenda mno. Kipande hicho kiko sandukuni mwake, chaki juu yake. Kila nikienda kumsalimu, naangalia kwanza kama bado hajakikata.