Jike la Bupe na spika za jirani

Saa moja asubuhi, Bupe Mwaisaka anaacha kandambili mlangoni na kuingia bandani pekupeku. Hataki sakafu itikisike.

Katika tangi la tatu la kioo, nyuma ya kigae cha chungu, amejibanza samaki wa mtoni, jamaa wa perege, asiyezidi urefu wa kidole. Koo limemvimba. Mdomoni amebeba mayai yanayoanza kuwa watoto.

"Leo siku ya kumi na mbili hajala," ananong'ona Bupe (46), anayefuga samaki wa mapambo nyumbani kwake Chamazi na kuwauza shilingi 3,000 mmoja. "Bado kama wiki awaachie."

Ila wa aina ya huyu hawauzi. Aliwavua majike sita na dume mmoja kwenye kijito ambacho baadaye kilifukiwa kwa kifusi. Kati ya majike amebaki huyu.

Wa kwanza alimpoteza kwa mkono wake. "Nilimwona kavimba, hali chakula, nikajua anaumwa. Nikamtia kwenye maji ya chumvi. Akatema mayai yote, kesho yake akafa. Sikujua kumbe ni mzazi."

Jike akishtuka hutema alichobeba, au hukimeza. Na Jumamosi hii jirani anaoza binti. Spika za singeli zimepangwa kuegemea ukuta wa banda.

Bupe amemwita jirani huyo, Mama Rukaiya, aje aone mwenyewe.

"Shoga, mwanangu aolewe kimyakimya kwa ajili ya dagaa?" anacheka Mama Rukaiya mlangoni.

"Vua viatu kwanza. Na sauti shusha."

Mama Rukaiya anainama mbele ya kioo. Jike anafungua mdomo kidogo. Ndani vinaonekana vijicho vyeusi, vingi, kisha mdomo unafumba.

"Siku kumi na mbili hajala?"

"Hata punje."

"Mie mimba ya Rukaiya nilikuwa naamka kula ubwabwa wa jana." Anainuka. "Haya, spika ziende barabarani. Ila wakiniuliza nasema una mgonjwa ndani. Nikisema samaki, watanicheka mpaka harusi iishe."

Bupe anacheka kiganja kikiwa mdomoni.

Watoto wakitoka salama, nusu atampa bure Wilfred, mfugaji mwenzake wa Kawe.

"Nikibaki nao peke yangu, umeme ukikatika siku moja tu, pampu ya hewa ikazima, mbegu imekwisha," anasema. "Wakiwa kwangu na kwake, na mie nitalala."