Kikosi au Fanfari

Nimechoka na matarumbeta, na wala sijui kupiga hata filimbi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani mimi ni mpenzi wa muziki. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, miaka kumi na minne katika sekondari moja ya Morogoro. Nikaja Sydney kumfuata mume, mume akaenda zake, mimi nikabaki na ghala. Ghala liko Wetherill Park. Natembea kati ya rafu na skana mkononi, yenyewe inaniambia niende wapi na nichukue nini, nami naenda na kuchukua. Zamu ikiisha magoti yanauma mpaka kwenye nyonga.

Jumamosi, badala ya kulala kama watu wenye akili zao, nilikuwa nakwenda maktaba ya Bankstown kufanya kazi nyingine isiyo na malipo. Kuna ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandika, nayo ina toleo la Kiswahili, na toleo hilo lina wakabidhi wachache, yaani watu walioruhusiwa kufuta kurasa na kukata ugomvi. Mimi ni mmoja wao. Hawakunichagua kwa hekima. Nilichaguliwa kwa sababu nikisoma "kitabu ambayo imeandikwa" mwili unanisisimka, na siwezi kuondoka kwenye kiti mpaka nimeisahihisha.

Matarumbeta aliyaleta nesi mmoja Mkenya, mtu wa Kakamega, rika langu, anayekaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Alipokuwa shule alipiga ngoma katika bendi, na ugonjwa huo haukumtoka. Wamarekani wana makundi ya vijana wanaopiga ngoma na tarumbeta huku wakitembea uwanjani kwa mistari iliyonyooka, na kila kiangazi wanashindana. Nesi anawajua wote, rangi za sare zao, nani alimshinda nani. Likizo moja akaandika makala thelathini na kitu, kila moja mstari mmoja tu: kundi fulani ni la ngoma na tarumbeta, linatoka mji fulani, Marekani. Makala fupi namna hiyo tunaiita mbegu. Alipanda mbegu shamba zima, palizi akaniachia mimi.

Ikabidi tuamue zipi zibaki na zipi zifutwe. Tulikaa maktaba Jumamosi nne, yeye na kompyuta yake, mimi na chupa yangu ya chai ambayo mkutubi alijifanya haioni.

"Mwalimu, hawa wamewin championship. Hawa nao wako na sources mob, vyanzo tele. Si uwaache tu?"

Nikamwambia ushindi wa uwanjani kule Marekani haumsaidii msomaji wa Singida.

"Na huyo wa Singida amekuambia hataki kujua?"

Mimi nikikosa jibu huwa naandika sheria. Ya kwanza ilisema kundi litabaki kama limeandikwa habari zake na watu wawili wasiohusiana nalo, katika maandishi ambayo mtu anaweza kuyafungua akayasoma. Ya pili ilihusu jina. Nesi alikuwa anaandika "corps" kama alivyoikuta kwa Kiingereza. Wengine waliandika bendi. Mchangiaji mmoja, nadhani Mkongo, aliandika fanfari, kila mahali fanfari. Hapo ualimu ukanipanda kichwani. Nikaandika kwa herufi nzito: tumia kikosi, fanfari si Kiswahili, ni Kifaransa kilichovaa kanzu. Nilijipenda sana kwa sentensi ile. Nilimsomea nesi mara mbili.

Sasa, ghalani nilikuwa nafanya kazi na mama mmoja Mrundi, mjane, aliyekulia na kuolewa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma kabla ya kuletwa huku. Hana gari, kwa hiyo asubuhi nampitia. Anakaa mbele, mkoba wa chakula mapajani, na huwa hasemi sana mpaka tupite taa za pili. Siku moja aliniuliza Jumamosi huwa naenda wapi. Nikamweleza habari za vikosi vya Marekani, nikitegemea atacheka kama nilivyocheka mimi.

Hakucheka. Alisema, "Bwana yangu alikuwa na fanfare. Kule kambini. Yeye ndiye alianzisha."

Akanisimulia mpaka tukafika. Tarumbeta sita zilizoachwa na padri wa Kibelgiji. Ngoma za madebe ya mafuta ya msaada, yamewambwa ngozi ya mbuzi. Walipiga kwenye ndoa, kwenye mazishi, na zaidi ya yote walipiga pale mabasi yalipokuja kuchukua waliopata nchi ya tatu, yaani nchi ya kuhamia. Siku yao wenyewe ya kuondoka, mumewe alipiga mpaka mwisho, kisha akampa mdogo wake tarumbeta akapanda basi. Alifika Sydney na figo zilizochoka. Hakuumaliza mwaka wa pili.

"Binti yangu nilimwambia hiyo yote," alisema. "Anasikia Kiswahili vizuri, lakini anajibu ya kwake. Anasema, Mum, if it was real it'd be online." Akautazama mkoba wake. "Mwalimu, unaweza kuiweka pale?"

Nilimweleza sheria ya vyanzo viwili. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa," akateremka. Siku ile skana ilinituma huku na huko na kila rafu nilijiona mjinga. Niliwapitisha Wamarekani thelathini na kitu ambao sijawahi kuwasikia hata dakika moja, na huyu mtu ambaye mkewe nampakia kwenye gari langu nimemkosesha mstari mmoja. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na msumeno huu niliunoa mwenyewe.

Aliyeniokoa, au niliyedhani ameniokoa, ni nesi. Nilimsimulia Jumamosi kwa kunung'unika tu, naye akatafuta wiki nzima baada ya zamu zake. Akaja na ripoti ya zamani ya shirika moja la misaada, ndani yake picha ya wanaume sita na sentensi mbili. Akaja na jarida la parokia moja ya Ubelgiji, kwa Kifaransa, lililoeleza tarumbeta zilikwenda wapi na zilipokelewa na nani.

"Two sources, Mwalimu. Rule ni yako. Andika."

Niliandika mwenyewe, na niliandika vizuri kuliko kitu chochote nilichokiandika tangu nitoke Morogoro. Haikuwa mbegu. Ilikuwa na aya tatu, tanbihi, picha. Juu nikaweka kichwa kinachofuata utaratibu: kikosi cha ngoma na tarumbeta, na jina la kambi. Nikaeleza kwamba kikosi kilianzishwa na fulani, mkimbizi kutoka Burundi, kamanda wake wa kwanza, na kwamba baada yake kikosi kinaongozwa na mdogo wake fulani. Hilo neno kamanda nililiweka kwa ajili ya uzuri. Jarida lilisema "chef" tu, yaani mkuu kwa Kifaransa, lakini neno mkuu nilishalitumia mara mbili katika aya ileile na sipendi kurudia neno.

Jumatatu nilimpa karatasi niliyoichapisha maktaba. Tulikuwa tumeshaegesha nje ya ghala, tuna dakika kumi. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina la mumewe aliligusa kwa kidole, na mimi nikatazama nje ili nisimharibie. Kisha akarudi juu, akasoma tena.

"Mwalimu, hapa umeandika kikosi."

"Ndiyo. Ndiyo Kiswahili chake."

"Kikosi ni watu ya bunduki."

Nikamjibu kwa sauti ya darasani. Nilisema kikosi ni kundi lolote la watu waliopangwa kwa kazi moja, kuna kikosi cha zimamoto, kuna kikosi cha mpira. Aliningoja nimalize. Ana adabu sana yule mama.

"Pale interview ya kuletwa huku," alisema, "walituuliza mara tatu. Siku ya kwanza, siku ya pili, na tena mwaka mwingine. Mume wako alikuwa kikosi gani? Ndugu zake walikuwa kikosi gani? Na kamanda wao ni nani? Tukajibu hapana, hakuna kikosi, hakuna kamanda, yeye ni mtu ya kanisa. Na ni ukweli. Watu wengine dossier yao, faili yao, ilifungwa kwa hiyo neno moja tu." Akaikunja karatasi mara nne. "Shemeji yangu bado iko kule. Dossier yake bado. Jina yake umeiandika hapa, kando ya kikosi."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo nimeifundisha miaka kumi na minne, nimeitungia maswali ya mtihani.

Nilimwambia ofisa yeyote akisoma aya zile tatu ataona ni ngoma na tarumbeta, hakuna bunduki. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Yeye ndiye aliyewahi kukaa mbele ya hao maofisa, mimi sikuwahi. Nikamwambia basi nitabadilisha, leo hii, nitaandika fanfari.

"Ukibadilisha, ile ya kwanza inatoka?"

"Haitoki. Inabaki kwenye historia ya ukurasa. Mtu akibofya anaiona."

"Basi toa yote."

"Niifute, niandike upya kwa fanfari?"

"Shemeji afike kwanza," alisema. "Na usimwambie mtu kwa nini. Hata binti yangu. Watoto ya hapa wanaandika kila kitu kwa simu."

Nikamwahidi. Nilifuta wakati wa chakula cha mchana, kwa simu, nimekaa kwenye kreti nyuma ya ghala. Mkabidhi akifuta ukurasa lazima aandike sababu, na sababu hiyo inabaki hapo, kila mtu anaiona. Sababu ya kweli ingekuwa mbaya kuliko ukurasa wenyewe. Nikaandika kile ninachoandika siku zote: haukidhi vigezo. Jina langu likatokea pembeni, na saa.

Nesi alinipigia jioni ileile. Aliuliza kama nimeumwa. Akasema vyanzo vilikuwa viwili, sheria ilikuwa yangu, alikesha akitafuta, na sasa mimi nafuta kama mtu anayefagia. Nikamwambia nimekosea, basi. "Umekosea kuandika ama kufuta?" Nikamtakia usiku mwema. Tunasalimiana bado, lakini maktaba haji tena, na mimi pia nimepunguza. Kitu kimoja tu nilikifanya Jumamosi iliyofuata: niliifungua ile sheria ya jina, nikaiondoa sentensi yangu ya kanzu. Nikaandika kwamba kikosi, bendi na fanfari yote yanaruhusiwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Yule binti nilikutana naye mwezi mmoja baadaye, baada ya ibada, watu wakiwa wanapakua wali nyuma ya kanisa. Ana miaka kumi na tano, mrefu, ana paji la uso la mwanamume niliyemwona kwenye ile picha ya ripoti. Alikuja moja kwa moja, simu mkononi.

"Aunty, Mum had this paper in her Bible. So I looked it up."

Akanionyesha. Ukurasa ukishafutwa, kinachobaki ni kisanduku cha rangi hafifu chenye jina la aliyefuta na sababu yake. Alikuwa ameitafuta maana ya vigezo.

"So it wasn't good enough?"

"Ilikuwa nzuri," nikasema.

"Who said it wasn't?"

Jina lilikuwa pale chini ya kidole chake. "Mimi."

Nilimtafuta mama yake kwa macho. Alikuwa kwenye foleni ya wali, ananitazama, na hakutikisa kichwa wala kufanya ishara yoyote. Hakuhitaji. Nilikuwa nimeahidi.

"Did you ever hear them play?"

"Sikuwahi."

"And those American ones. Mum said you do the American ones. You heard those?"

"Hapana. Wala wale."

"But they're still there."

"Wapo," nikasema.

Aliitia simu mfukoni. Sikuona hasira usoni mwake, na afadhali ningeiona, kwa sababu hasira ya mtoto mwalimu anajua pa kuipeleka. Alisema tu, "Okay," kama mama yake alivyosema sawa siku ile ndani ya gari, akaenda kumsaidia kubeba sahani.

Hiyo fanfari nimeshaiandika. Iko kwenye kompyuta yangu, aya zile zile tatu, hakuna kikosi, hakuna kamanda, neno mkuu limerudiwa mara nne na nimeliacha lirudiwe. Kila asubuhi mama anapanda, anaweka mkoba mapajani, anafunga mkanda.

"Shemeji?" namuuliza.

"Bado," anajibu, na tunaingia barabarani.