Geti la Upande wa Baharini, Acapulco

Mimi si mtu wa safari. Nalisema mwanzoni ili wa kucheka acheke mapema. Miaka ile ya sabini nilikuwa nikikaa Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, nyumba ya chumba kimoja na jiko, na safari yangu kubwa ilikuwa kupanda treni hadi Spånga siku ya Jumamosi kumtembelea rafiki yangu Mkenya, nesi, kisha kurudi mbio kana kwamba nimeacha watoto peke yao. Watoto sina. Kutoka Tanga hadi Stockholm nilikuja mara moja tu, mwishoni mwa miaka ya sitini, kujifunza kazi ya jiko la hospitali, nikabaki. Watu hudhani nilibaki kwa kuipenda Sweden. Ukweli ni kwamba nilichoka kufunga sanduku.

Basi huyo rafiki yangu alikuwa na mchumba Mswidi, na walikuwa wamekata tiketi za wiki mbili kwenda Acapulco, Mexico: ndege, hoteli, kila kitu pamoja. Mwezi mmoja kabla ya kuondoka, mchumba akasema anahitaji muda wa kufikiri. Mswidi akikwambia anahitaji kufikiri, wewe kusanya vyombo vyako. Tiketi hazikuweza kurudishwa. Akaja kwangu na theluji viatuni, hata hakuvivua, akasimama juu ya zulia langu.

"Ni wewe utaenda na mimi."

"Mimi? Mimi hata Göteborg sijafika."

"Si unapenda kukaa? Hiyo hoteli iko na baraza inaangalia bahari. Utakaa hapo kwa baraza, utakula, utalala. Hakuna mtu atakusumbua."

"Na chai?"

"Watakuletea."

"Ya maziwa?"

"Dada, wacha mchezo, mimi nalia."

Alikuwa analia kweli. Nikakubali. Wenzetu wa Hallonbergen, Watanzania na Wakenya tuliokuwa tukikutana kwao kunywa chai na kusemana, walinicheka wiki nzima. Mmoja akaniambia, "Shemeji, ukifika tuandikie kama hilo baraza lina kivuli."

Kivuli lilikuwa nacho. Nililikagua kabla ya kufungua sanduku. Lakini asubuhi ya kwanza rafiki yangu alinivuta mkono, ati nimekuja kumliwaza, si kuliwaza kiti. Yeye alivaa suruali nyeupe, miwani nyeusi, na kofia pana kama ungo. Mimi nikafunga kanga kiunoni juu ya gauni, nyingine nikaitupia begani, na doti moja mpya, haijakatwa, nikaikunja mkononi kwa ajili ya kukalia. Tukapita bustani ya hoteli, tukatoka kwenye geti dogo la upande wa baharini, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Sasa, pwani ile ina wanawake wanaouza nguo. Hutembea mchangani na vitambaa vimekunjwa mkononi, kimoja wamekivaa, kingine wamekitupia begani ili mteja akione vizuri. Mimi hilo sikulijua. Hata sijamaliza kutandika, akaja bibi mmoja wa Kiswidi ambaye tulikuja naye ndege moja, akaishika kanga yangu ya begani, akaipapasa, akaniuliza bei kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba haiuzwi, na kwamba kiti chake ndicho kilichonilalia magotini kutoka Stockholm. Akawa mwekundu kabla hata jua halijamgusa.

Hilo nililicheka. La pili sikulicheka.

Saa sita tukarudi kula. Getini sasa alikuwa amesimama mlinzi, kijana mwenye sharubu na shati lililopigwa pasi vizuri kuliko langu lolote. Rafiki yangu alikuwa mbele. Mlinzi akamfungulia na kumwinamia kichwa. Mimi akanizuia kwa kiganja, akaionyesha doti mkononi mwangu, kisha akatikisa kidole: hapa hapana biashara. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni mgeni wa hoteli. Akafikiri kidogo, akafanya ishara ya kuzungusha ufunguo kwenye kitasa. Nionyeshe ufunguo wa chumba.

Ufunguo nilikuwa nao. Kila mmoja wetu alipewa wake, umefungwa kibao cha shaba chenye namba. Mkono wangu ulikuwa tayari unaufuata. Pale pale akapita mzee mmoja wa Kiswidi, tumbo mbele, amevaa kitu kidogo cha kuogelea ambacho hata tundu la ufunguo kisingelifunika. Mlinzi akamfungulia. Hakumuuliza chochote.

Nikaurudisha mkono.

"Mwonyeshe tu, twende tukakule," alisema rafiki yangu kutoka ndani ya bustani.

"Simwonyeshi."

"Kwani umeupoteza?"

"Ninao."

"Sasa?"

"Siku atakayowauliza wote, na mimi nitaonyesha. Kabla ya hapo, asahau."

"Wee! Samaki yangu inapoa kwa sababu ya maringo yako?"

"Nenda kale samaki wako. Mimi nazunguka."

Hapo ndipo mtu wa baraza alipojitia mwenyewe barabarani. Kuzunguka maana yake ilikuwa kutembea mchangani hoteli hadi hoteli mpaka nipate uchochoro, kupanda hadi barabara kuu, kisha kurudi na barabara hiyo mpaka mlango wa mbele. Bawabu wa mbele aliniona nikishuka na sanduku siku ya kwanza, kwake nilikuwa mgeni, basi. Kwenye ramani tuliyopewa na kiongozi wa safari yetu mzunguko huo ulikuwa upana wa kidole kimoja. Mimi nilitumia saa mbili. Hoteli zote zilikuwa nyeupe, zote ndefu. Nilipanda basi kwa kujiamini kabisa, na lilikuwa linakwenda upande usio wangu. Likaiacha bahari, likapanda mlima, likanishusha sokoni, na mimi nashukuru kwa Kiingereza kana kwamba ndiko nilikokuwa naenda.

Kule sokoni, kwenye meza ya nyanya na pilipili, alikaa mama mmoja mweusi kama mimi, na sura yake ilikuwa ya shangazi yangu mtupu, hata ule mkunjo wa mdomo wa mtu ambaye hajaridhika na bei. Nikajikuta nimempa shikamoo. Hakuielewa, lakini alijua ameheshimiwa, akaniitikia kwa maneno mengi ya Kihispania na kunipa kigoda. Kwa mikono akanieleza kwamba watu wa sura yetu wako tele, chini huko kusini mwa pwani, tangu zamani sana, naye katoka huko. Mwalimu wangu wa jiografia alitufundisha mahindi na madini ya Mexico. Watu hao aliwaruka. Nikala mahindi ya mama yule nimekaa kwenye kigoda chake, na hakuna aliyeniuliza ufunguo. Kisha akanishika mkono hadi kituo, akasema na dereva, na dereva akanishusha mbele ya hoteli yangu kama mzigo wenye anwani.

Kesho yake mlinzi alikuwa pale pale, nikazunguka. Kesho kutwa nikazunguka. Wengine kwenye ndege yetu walipelekwa mji ule kwa basi la kioo, na maelezo kwa Kiswidi. Mimi nilipelekwa na kiburi changu. Baada ya siku tano nilijua basi lipi linakwenda sokoni na lipi linakwenda kwenye pwani ndogo ya wenyeji, ambako wanawake huingia majini na magauni yao kama kwetu. Na mimi nikaingia na langu. Nilijua upande wa barabara wenye kivuli asubuhi. Nilijua teksi ipi inakubali kusimama na ipi inakuzungusha. Miguu iliota malengelenge. Baraza langu nililiona usiku tu, kama mume anayefanya kazi mbali.

Rafiki yangu alinitania mwanzoni. "Leo umefika wapi, Bibi Balozi?" Kisha akaacha kutania. Siku ya saba nilimkuta chumbani adhuhuri, kofia kichwani, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Unajua mimi nakaa pale pwani peke yangu?" akasema. "Siku nzima. Waswidi wananiuliza bwana yako ako wapi. Nikakuleta ili nisikae peke yangu, na wewe umeenda kugombana na geti."

"Njoo basi tuzunguke wote."

"Sitaki kuzunguka! Nataka kulala kwa mchanga na mtu wangu karibu. Vaa suruali yangu siku moja tu. Hakuna mtu atakuuliza kitu."

"Ndiyo maana siivai."

"Ni ufunguo tu, dada. Ni chuma."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu alikuwa na haki. Mtu aliyeachwa hahitaji mwenzake ashinde vita, anahitaji mwenzake akae. Nililala nikijiuliza kama nimekuwa jeuri au nimekuwa mjinga, na sikupata jibu. Nilichopata ni kwamba hata nikiwa mjinga, ufunguo sionyeshi peke yangu. Na nikapata jambo la pili, ambalo ningelipata siku ya kwanza kama nisingekuwa na haraka ya kununa: kwa nini ninabishana na kijana wa watu anayefanya alivyoagizwa?

Asubuhi nikashuka kwa kiongozi wa safari yetu. Alikuwa msichana wa Kiswidi mwenye sketi ya buluu na meza ndogo karibu na mapokezi, na wakati huo wenzangu wa ndege wapatao kumi walikuwa wamemzunguka wakiuliza habari za mashua. Nikasubiri zamu yangu. Ilipofika nikamweleza, kwa Kiswidi changu cha jikoni, taratibu.

Akatabasamu. "Ni kwa usalama wa wageni wote," akasema. "Hiyo ni sheria ya hoteli."

"Vizuri sana. Naipenda sheria hiyo. Kwa hiyo ni ya wote?"

"Ndiyo, ya wote."

"Wewe umeulizwa?"

Nikawageukia waliokuwa mezani. "Nani hapa ameulizwa ufunguo?" Yule mzee wa tumbo mbele akaangalia ramani ya mashua kwa bidii kubwa.

"Mimi nimekaa kwenu miaka saba," nikasema. "Nikienda kununua jibini nachukua karatasi ya namba ya foleni. Mchungaji akija, naye anachukua namba. Daktari wangu, namba. Nimefundishwa na ninyi wenyewe, na nimeshika somo. Sasa kama ufunguo ni sheria, iwe sheria. Kama si sheria, ni kitu gani?"

Wekundu wa msichana yule ulianzia shingoni. Pale ndipo bibi wa kiti cha mbele, yule aliyetaka kununua kanga yangu, alipokohoa na kusema, "Ana haki." Mswidi mmoja akishasema hivyo mbele ya wengine, kazi imekwisha, hakuna anayetaka kuwa upande wa pili. Jioni hiyo tangazo likabandikwa kwenye lifti: wageni wote wanaombwa kuonyesha ufunguo kwenye geti la baharini.

Kesho yake nilitoka na rafiki yangu getini asubuhi, tukalala mchangani bega kwa bega. Alinipaka mafuta mgongoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Saa sita ikafika. Waswidi na saa ya chakula hawana mchezo, waliinuka wote kama waliopigiwa kengele. Wakafika getini, wakaona mlinzi anauliza ufunguo, na bila kuambiwa na mtu wakapanga foleni. Foleni ndefu, iliyonyooka, kwenye mchanga unaounguza, kila mmoja akinyanyua mguu huu na kushusha ule. Mzee wa tumbo mbele akajipapasa kule na huku, ufunguo hana, akarudishwa kuutafuta kwenye taulo. Wengine waligeuka kuniangalia. Walijua ni kazi ya nani. Nikawaamkia mmoja mmoja.

Rafiki yangu akaonyesha wake, akapita, akasimama ndani kunisubiri. Ikawa zamu yangu. Kama mwanamke yeyote wa kwetu, kitu cha thamani nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la kanga, na kanga ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Fundo lilikaza kama jiwe. Nikalivuta kwa kucha, halikutikisika. Nyuma yangu mtu akaguna, mwingine akataja supu.

Mlinzi akatabasamu chini ya sharubu. Akafungua geti wazi, akanifanyia ishara nipite. "Señora," akasema, "pita, pita."

"Hapana," nikamwambia. "Umewauliza wote. Na mimi nitaonyesha."

Nikainua pindo, nikaling'ata fundo kwa meno. Nilichukua muda wangu. Ladha ya chumvi na rangi ya kanga mpya mpaka leo naikumbuka. Lilipolegea nikautoa ufunguo, nikampa mkononi. Akausoma kibao mbele na nyuma, kwa heshima, akanirudishia, akaniinamia kichwa.

"Haya, umefurahi sasa?" rafiki yangu akauliza. Alikuwa anajaribu kununa lakini mdomo ulikuwa umeshamsaliti.

"Bado," nikasema. "Nimesahau doti yangu mchangani. Nishikie nafasi mezani, nakwenda kuichukua, halafu narudi kupanga foleni."